Saruji ya Romano na Mtafiti Aliyeitwa Afande

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Jinja. Jumamosi, tarehe 17 Agosti 1996.

Jina: Mahad Khelef Masoud
Umri: miaka 68
Kazi: mwalimu mstaafu wa utunzaji wa hesabu
Makazi: Mpumudde, Jinja

Mimi ni mzaliwa wa Wete, kisiwani Pemba. Niliondoka huko mwaka 1964 na sijarudi. Nilifundisha Mbale, kisha Jinja, hadi nilipostaafu. Mshukiwa, Arnold Masaba, namfahamu tangu utoto wake, kwa kuwa nilimfundisha baba yake. Kwao ni Nkoma, Mbale. Yuko mwaka wa mwisho katika Chuo Kikuu cha Wanale, anasomea mifumo ya taarifa za biashara.

Utafiti wake ni huu: mfanyabiashara anajuaje kwamba bidhaa inakaribia kwisha, nani humwambia, na akiba yake ameiweka wapi. Akishajua hayo ndipo atengeneze programu ya kompyuta ya kumsaidia. Mhadhiri wake, Dakta Cleophas Mafabi, huwakataza wanafunzi kuanza na kompyuta. Huwaambia waanze na watu. Naona anafundisha sawasawa.

Huko Namatala, Mbale, Arnold aliwauliza watu kwa Kimasaba na hakupata taabu. Kisoga, lugha ya huku Jinja, hakijui. Mnamo tarehe 12 Agosti alifika kwangu akaniomba nimtafsirie maswali kwa Kiswahili, kwa sababu sokoni Jinja kuna watu wa makabila mengi. Nilimtafsiria. Kwangu mimi Kiswahili ni lugha ya mama yangu. Sikufikiria kwamba watu wengi wa hapa walikisikia kwanza mdomoni mwa askari.

Jumanne tarehe 13, saa nne asubuhi, tulianza kwa Bi. Gorreti, muuza sukari na sabuni. Kijana alipomuuliza anaweka wapi sukari ya akiba, mama huyo alimtazama kuanzia viatuni.

"Kiswahili kama hii nilisikia siku askari alichukua kuku yangu," akasema. "Sasa wewe nataka kuku gani?"

Watu walicheka. Arnold naye akacheka, akatoa kitambulisho cha chuo, akaeleza kuwa ni mwanafunzi. Bi. Gorreti alijibu baadhi ya maswali. Mengine alisema hata mume wake hajawahi kujibiwa.

Kama saa sita tulifika kwa Romano, mwenye duka la vifaa vya ujenzi nyuma ya soko. Kodi mpya ya bidhaa ilikuwa imeanza Julai, na wenye maduka walikuwa na wasiwasi wa kukaguliwa. Arnold aliposoma swali la kwanza, Romano alisimama. Alimwita afande. Alimpa kiti chake mwenyewe na kutuagizia soda. Nilingoja kijana atoe kitambulisho. Hakukitoa. Romano alijibu kila alichoulizwa, kisha, bila kuulizwa, akatupeleka uani kwenye stoo ya pili iliyojaa saruji.

"Afande, hii nilikuwa nataka kuandikisha," akasema. "Kweli ya Mungu."

Arnold aliandika.

Tulipotoka nilimuuliza kama alisikia alivyoitwa.

"Nilisikia, mwalimu," akasema. "Ndiyo sababu amejibu."

Nilimwambia arudi amweleze. Akasema atarudi Ijumaa, kwa kuwa utafiti wao unadai umrudie mtu, umsomee majibu yake, naye ayathibitishe. Atamweleza siku hiyo. Mimi pia sikurudi.

Ijumaa tarehe 16, saa tatu asubuhi, tulimkuta Romano ameketi uani. Alitueleza kwamba jioni ile ile ya Jumanne alihamisha saruji yote akaificha shambani kwa shemeji yake, chini ya majani ya migomba. Alhamisi mvua ikanyesha. Mifuko ilikuwa imerudishwa hapo uani. Niliigusa. Ilikuwa imeganda.

"Afande," Romano akasema, "nakuja kuchukua mimi?"

Hapo ndipo Arnold alipotoa kitambulisho. "Mimi si afande, mzee. Mimi ni mwanafunzi. Naomba unisamehe."

Romano alikishika, akakigeuza, akaitazama picha kwa muda.

"Jumanne ulikuwa afande," akasema. "Leo saruji iko mawe, wewe iko mwanafunzi."

Vijana wa sokoni walitaka kumpiga. Romano aliwakataza. Alimshika mkono mwenyewe akamleta kituoni hapa, nami nikawafuata.

Leo asubuhi Dakta Mafabi alikuja kwangu kutoka Mbale. Jumatatu Arnold anatakiwa kuutetea utafiti wake mbele ya watahini. Akishtakiwa kwa kujifanya afisa wa serikali, chuo kitamfukuza. Dakta aliniomba nieleze jambo moja tu: kwamba Arnold hakutamka popote kuwa yeye ni afisa. Hilo ni kweli. Hakutamka, na naomba liandikwe. Lakini wewe, afande, umeniuliza pia kama alikanusha. Siku ya Jumanne hakukanusha, na nilimsikia akisema kwa nini.

Kijana huyu nampenda. Baba yake alipofariki, mimi nilikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza. Ila kwetu niliondoka kwa sababu ya watu waliogundua kwamba kuogopwa kuna faida. Sitaki awe mmoja wao.

Niliyo nayo ni hayo, niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Nimesomewa kwa Kiswahili na sina la kupunguza.

Sahihi: M. K. Masoud

Yameandikwa nami, Koplo Aloysius Opolot, saa saba mchana. Baada ya shahidi kutia sahihi, mshukiwa alisomewa maelezo haya akaulizwa kama kuna neno analolipinga. Alijibu kwamba hakuna. Aliuliza tu kama mwalimu amekwishaondoka. Nilimwambia bado yuko kwenye benchi, nje.