Kikao cha Familia Kuhusu Baba Kupimwa Puru Mara ya Pili

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni
Mahali: Sebuleni
Kuanza: Saa 9:40 alasiri, baada ya Baba kutafutwa nje
Waliohudhuria: Mama (Mwenyekiti), Baba, Shangazi (muuguzi wa chumba cha kupima utumbo kwa kamera), Baba Mdogo (fundi bomba), mimi (Katibu)
Hakuhudhuria: Kaka, bila udhuru

KUMB. NA. 1/14: Kufungua
Mwenyekiti alimwomba Baba aketi. Baba alisema anasikia vizuri akiwa amesimama.

KUMB. NA. 2/14: Damu
Mwenyekiti alieleza kwamba Baba anatokwa na damu chooni tangu mwezi uliopita na alikuwa akimficha. Baba alijibu kwamba mwaka jana alipimwa utumbo mpana akaambiwa yuko safi. "Waniingize lile dude tena? Mimi si bomba." Baba Mdogo alisema bomba halilalamiki hivyo. Alionywa.

KUMB. NA. 3/14: Maelezo ya Shangazi
Shangazi alieleza kwamba daktari makini huanza kwa kidole chenye glovu, huingiza kamera hadi ndani kabisa, husafisha kwa maji, kisha huitoa polepole. Ikifika kwenye puru, sehemu ya mwisho ya utumbo, huikunja ncha itazame ilikotoka. "Ukiingia chumbani, kaka yangu, huoni kilicho nyuma ya mlango mpaka ugeuke." Baba alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena.
Katibu aliomba kuuliza: kati ya picha sita za ripoti ya mwaka jana iliyokuwa mezani, ipi ilipigwa kamera ikiwa imegeuzwa? Shangazi alivaa miwani, akazipitia mara mbili. Haikuwepo. Alisema huenda daktari aligeuza bila kupiga picha, ila hakuna wa kuthibitisha. Baba Mdogo alisema yeye hangethubutu kukabidhi kazi namna hiyo. Safari hii hakuonywa.

KUMB. NA. 4/14: Uamuzi
Baba alikubali kwenda kupimwa Jumatatu, lakini alisema hawezi kumtamkia daktari kijana maneno hayo ya puru. Shangazi alijitolea kumsemea. "Wewe dada yangu ndiyo hapana kabisa," Baba alisema. Iliafikiwa Katibu aandike karatasi ya kumpa daktari. Katibu aliandika: "Daktari, natokwa na damu. Tafadhali chunguza puru yangu vizuri. Geuza kamera kama inawezekana, na upige picha."
Mwenyekiti alinyoosha mkono aisome. Baba aliiwahi, akaisoma yote kwa sauti, bila kuruka neno.

Mwenyekiti aliuliza kama kuna lingine. Baba alisema, "Hilo moja latosha." Ilikuwa saa 10:25 jioni.

Mwenyekiti: ....................
Katibu: ....................