Unga Niliosaga Mbele ya Wazungu

Kwa mdogo wangu Zainabu, Mtinko.

Umeamkaje huko, na magoti yako yanasemaje? Yule mbuzi wangu wa madoa unamfunga, au umemwachia tena akale mboga za watu? Mimi mwili ni mzima. Moyo usiulize. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, si bure nilikaa kwenye kisomo watoto wakinicheka dirishani. Akusomee mwanao Hamisi. Balozi wa nyumba kumi asiiguse.

Huku baridi inang'ata masikio. Vijana wanampita mzee kama wanapita kisiki, shikamoo hawaijui. Huu ni mji wa tatu. Kila mji una chuo kikuu, na kila chuo mjukuu wetu Yusufu anasimama jukwaani kuwaeleza Wazungu habari za kwetu, vijiji vya ujamaa na kilimo. Mimi nimepiga magoti pembeni yake nasaga mawele. Jiwe la juu nilikuja nalo. La chini wanatafuta wao, laini kama sahani, halisagi. Wanapiga makofi. Nikimaliza anakuja mama mmoja na ufagio, anazoa unga wangu anautia kwenye pipa la taka. Unga, Zainabu.

Unajua kwa nini nilikubali kuja. Yusufu aliniahidi kwamba tukirudi atakwenda kwa wakubwa Singida aniombee ruhusa nirudi kwenye boma letu la zamani, nikae karibu na kaburi la babu yake. Kila mavuno nilinyunyiza unga mpya pale kabla mtu hajaonja ugali. Tangu lori lituhamishe sijafanya hivyo hata mara moja.

Juzi Mzungu mmoja, mwanamke mzee kama mimi, akauliza kama nilipenda kuhama. Yusufu akanitafsiria. Nikasema, "Sikupenda. Walibomoa nyumba chungu kikiwa motoni. Mume wangu nimemwacha peke yake porini." Nilisema mengi. Yusufu akayageuza mafupi, na ukumbi mzima ukacheka kwa furaha. Nani anacheka msiba?

Palikuwa na binti wa Kilimatinde anayesomea uuguzi huku. Alinijia akanipa shikamoo sawasawa, nami nikamshika mkono.

"Mjukuu wangu, Yusufu amewaambia nini?"

Akaangalia chini. "Amesema ulifurahi, Bibi. Kwa sababu sasa una bomba la maji karibu."

Bomba lile lilitoa maji siku ya mgeni rasmi tu.

Tulipofika tunapolala nikamkabili. "Wewe mume wangu, umenifanya mwongo mbele za watu."

"Bibi, mle ukumbini wamo watu wa serikali yetu. Nikitafsiri ulivyosema, nikirudi sina kazi."

"Haya. Na ile ruhusa yangu utaiomba lini?"

Akafungua vifungo vya koti, akavifunga tena. Nimemlea mimi, naijua tabia yake hiyo tangu alipovunja kibuyu cha maziwa.

"Sema."

"Pale ni shamba la kijiji sasa, Bibi. Trekta lilishalima kabla hatujaondoka. Niliogopa ungekataa kuja."

Sikumpiga.

Zainabu, acha uvivu, nenda ukaliangalie kaburi. Ni hatua chache kutoka ulipokuwa mlango wa zizi, penye lile jiwe jeusi. Ukilikuta limesimama, niandikie upesi. Ukikuta matuta matupu, usiandike. Nitaelewa.

Jana nilisaga tena, nifanyeje, tiketi ya kurudi anayo yeye. Lakini yule mama alipokuja na ufagio wake nilimshika mkono. Nikakusanya unga wangu mwenyewe nikaufunga kwenye pindo la khanga. Upo hapa mapajani ninapoandika. Nitarudi nao. Pa kuunyunyiza sijui.

Mpe salamu mama yake Yusufu, mke wa mwanangu. Mwambie mwanawe ni mzima na anavaa koti zuri. Mengine usimwambie, analala vibaya yule. Mwalimu wa kisomo naye mwambie nimejaza kurasa mbili bila kusaidiwa na mtu.

Ni mimi dada yako Mwanaidi, mjane asiyejua mume wake amelala wapi.