Waya wa Breki ya Nyuma

Simiyu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, kwa sababu tangazo lako la redio niliandika mimi. Yangu ni hii: nina kikohozi cha vumbi la mahindi, bado niko kazini Bungoma, na Jumatatu iliyopita gazeti lilichapisha mistari minne uliyoingoja kwa miaka sita. Ndiyo sababu ya barua hii. Nitaeleza kwa utaratibu, na ucheke ukitaka. Ulizoea kusema kwamba mimi hata kilio nakipanga kwa aya.

Kwanza yaliyobadilika. Tulikuzika nyumbani Kimilili wiki kumi na moja zilizopita. Mvua ilinyesha dakika ishirini, ikaacha. Siku ya tatu jamaa walinyolewa, wakaketi kugawana vitu vyako. Fulana nyeusi zilikuwa kumi na tisa. Nilizihesabu. Hakuna aliyetaka kuigusa ile ya fuvu, mpaka mjomba wako Wekesa akasema nguo ni nguo. Jumapili iliyofuata aliivaa kanisani ndani ya koti, na wakati wa kuimba koti likafunguka. Baada ya ibada mchungaji alimuuliza hiyo ni picha ya nini. Mjomba akamjibu, "Ni ya mtu amekonda."

Kibanda chako cha kutengeneza baiskeli pale Kitale sasa kinauza vifuniko vya simu. Mama wa mboga aliyekuwa jirani yako aliniambia kelele za gitaa zilikuwa zinamuumiza kichwa. Kisha akaongeza kwamba kichwa bado kinauma.

Baiskeli yako nilipewa mimi. Tulitahiriwa mwaka mmoja, sisi ni bakoki, na wazee walisema bakoki hawezi kurudi kwake mikono mitupu. Ile ya gia, ya mtumba, yenye breki za waya. Nimeiegesha nyuma ya nyumba. Nitairudia.

Nimekuwa nikizipitia daftari zangu za zamani. Tamasha letu la kwanza la roki lilikuwa Kitale, katika ukumbi wa kukodisha, saa nane mchana. Nimeandika: watazamaji kumi na mmoja, wawili wakiwa wameingia kujikinga mvua. Wewe ulisimama mbele ya spika ukitikisa kichwa hadi mlinzi akaniuliza kama una dawa ulizosahau kumeza. Mimi nilikuwa nyuma, karibu na mlango, nikiandika majina ya nyimbo. Gazetini nilikuwa natumwa kuandika habari za bei ya mahindi na kesi za mashamba. Hizi za muziki niliziandika kwa sababu yako, na mhariri alizitumia pale nafasi ilipobaki.

Baada ya kila onyesho ulikuwa na desturi moja. Hukuomba sahihi wala picha. Ulienda kusimama karibu na gari la wanamuziki, mikono nyuma kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu, na walipokuja kupakia vyombo uliwauliza wanatumia nyuzi gani. Wengi walikujibu vizuri. Mmoja alikupita kama nguzo, ukasema amechoka. Yule mpiga besi mrefu alikuwa pia daktari wa mifugo, na badala ya nyuzi mkaishia kuzungumza juu ya ng'ombe wa mama yako aliyevimba kiwele. Alikuandikia jina la dawa kwenye mkono. Ng'ombe alipona. Mama yako hadi leo anaamini roki ni aina ya udaktari.

Sasa tamasha la Bungoma, miaka sita iliyopita.

Bendi ilikuwa ya watu wanne kutoka Nairobi, na aliyepiga gitaa alikuwa dada wa mkono wa kushoto, Makena. Jukwaa lilikuwa lori lililoegeshwa uwanjani, jenereta nyuma yake. Tulifika pamoja. Wewe ulikuwa na baiskeli, kwa sababu hukutaka kuiacha popote. Katika wimbo wa pili nilipigiwa simu kwamba waziri fulani amefika mjini bila taarifa na anahutubia sokoni. Ulikuwa mbele kabisa, sikuweza kukufikia. Niliondoka bila kukuaga.

Jioni niliandika habari zote mbili. Ya waziri nilikuwa nimeiona. Ya tamasha nilimpigia simu mwandalizi. Akaniambia uzi wa gitaa ulikatika katika wimbo wa tatu, hawakuwa na mwingine, mambo yakaishia hapo. Nikaandika: "Onyesho lilikatizwa baada ya uzi wa gitaa kukatika." Ikachapishwa. Sikumuuliza mwandalizi alikuwa wapi yeye mwenyewe. Baadaye nilijua kwamba uzi ulipokatika alipanda gari lake akaenda zake, akidhani mambo yamekwisha.

Ulikuja ofisini siku mbili baadaye, gazeti limekunjwa ndani ya shati. Hukupandisha sauti. Uliniambia kwamba onyesho halikukatizwa. Kwamba uliufungua waya wa breki ya nyuma ya baiskeli yako, ukaufumua, ukachomoa unyuzi mmoja mwembamba. Kwamba wa mbele ungekuwa mfupi, usingefika kwenye vifungo vya kukazia. Kwamba ulikitoa kile kipete kidogo cha uzi uliokatika, ukakifunga kwenye unyuzi wako ili usichomoke, ukampa dada akaukaza, na wakapiga nyimbo nne zaidi hadi mwisho. Kisha ukarudi Kimilili kwa breki ya mbele peke yake.

Nikakuuliza nani mwingine aliona.

"Watu wote waliona, bakoki."

Nikakuomba majina. Hukuwa na jina hata moja; watu uwanjani ni watu tu. Nikatafuta simu ya bendi, haikupatikana. Baada ya miezi michache nikasikia wametawanyika. Nikakwambia siwezi kuandika masahihisho kwa chanzo kimoja, na hasa kama chanzo ni rafiki yangu. Ukasema, "Kwani wewe ulikuwa na vingapi?"

Nilikuwa na kimoja. Nililijua jibu hilo siku ile ile. Sikulisema.

Usemi wa gazeti ulishinda wako, kama kawaida ya gazeti. Pale Kitale wateja walianza kukuita Fundi wa Breki za Gitaa. Walikuletea baiskeli wakikuuliza kama utaitengeneza au utaiimbia. Uliwaambia walete sufuria zao pia. Lakini nililiona jambo moja, na hili naliandika kwa sababu niliona mwenyewe: uliacha kuhadithia tamasha zozote. Ulizoea kueleza yote, nani alivaa nini, ngoma ilipasuka wapi. Baada ya hapo ulipoulizwa ulisema, "Zilikuwa sawa." Kwangu mimi ulibakisha swali moja kila tulipokutana, badala ya salamu: umepata chanzo cha pili? Mimi nikijibu bado. Tulifanya ni mzaha. Ulikuwa mzaha wa upande mmoja.

Na baiskeli. Fundi wa baiskeli aliyeendesha miaka sita bila breki ya nyuma. Nilikuuliza mara moja kwa nini huweki waya mwingine, na kibandani kwako zilining'inia kama soseji. Ulisema, "Hiyo nafasi iko na mwenyewe." Nilidhani ni uvivu wa mafundi, wa kutengeneza vya watu na kusahau vyao. Kazi yangu ni kutazama vitu. Kile nilikitazama miaka sita.

Siku ya mazishi mshereheshaji aliisimulia hadithi ya waya kama kichekesho, ili watu wapumue kidogo kabla ya mahubiri. Aliigiza jinsi ulivyoufumua. Watu walicheka, hata baadhi ya ndugu zako. Mama yako hakucheka. Kisha nikaitwa mimi kama bakoki, nikapewa kipaza sauti. Nilisema ulizaliwa wapi, ulisoma wapi, ulifanya kazi gani. Yote yalikuwa kweli. Dakika tatu. Nikaketi.

Mwezi uliopita niliona tangazo Kitale: onyesho la mchana, bendi mpya, na kwenye picha gitaa limeelekea upande usio wa kawaida. Nilienda. Nilikuwa sijatumwa. Watazamaji walikuwa kama mia mbili. Ungeshangaa, vijana wengi, fulana nyeusi kila mahali kama kwenye kile kikao chetu cha kugawana. Nilisimama nyuma karibu na mlango. Walipomaliza nilienda nje kusimama karibu na gari lao, na nikajikuta nimeweka mikono nyuma.

Makena alikuja akibeba gitaa mwenyewe. Nilijitambulisha kwa jina na gazeti. Nikamuuliza kama anakumbuka kupiga Bungoma juu ya lori. Sikumtajia waya wala baiskeli, ili nisimlishe jibu. Alicheka kabla sijamaliza swali. Akauliza, "Yule fundi wa baiskeli ako wapi? Nimekuwa namtafuta kwa macho tangu tuanze."

Nilimwomba kwanza anieleze alichokumbuka. Alieleza: wimbo wa tatu, waya wa breki ya nyuma kwa sababu wa mbele haufiki, kipete cha uzi uliokatika. Kipete, Simiyu. Sikuwahi kukiandika popote. Tofauti ni moja: yeye anasema baada ya hapo walipiga nyimbo tatu, wewe ulisema nne. Akafungua mfuko mdogo ndani ya kasha la gitaa, akatoa unyuzi uliokunjwa mviringo, una kutu upande mmoja, kipete bado kimefungwa mwishoni. Alisema wenzake humcheka, lakini hapandi jukwaani bila kuwa nao kashani.

Kisha akasema jambo ambalo wewe hukuniambia. Alikuita uje juu ya lori ili watu wakushangilie na upigwe picha. Ulikataa.

"Alisema hakuna haja," akaniambia. "Ati rafiki yake mwandishi ako hapo nyuma karibu na lango, ameona kila kitu, na ataandika."

Niliandika hilo kwenye daftari. Mwandiko wa sentensi hiyo si mzuri.

Miaka sita uliniuliza juu ya chanzo cha pili, na hukuwahi kuniambia kwamba chanzo cha pili nilipaswa kuwa mimi. Kwamba ulikata breki yako mbele ya umati huku ukiamini kwamba ninakutazama. Ulipofika ofisini ulikuwa tayari umejua, kwa kusoma gazeti, kwamba niliondoka. Ungeweza kulisema. Ulichagua... Sijui ulichagua nini. Naandika tu kwamba sijui.

Nilimwambia Makena kwamba umekufa. Aliuliza umezikwa wapi, nikamtajia Kimilili. Akakunja ule unyuzi, akanipa. Niliupiga picha, nikamrudishia. Ni wake, anautumia.

Mhariri alikataa. Alisema hakuna gazeti linalosahihisha habari ya miaka sita kuhusu uzi wa gitaa, na kwamba mhusika hayupo kulalamika. Nikamwambia mhusika alilalamika kwa wakati, nami ndiye niliyemzuia. Nikampelekea daftari, picha, na maelezo ya Makena yenye sahihi yake. Akauliza kama nimeelewa kwamba masahihisho yatataja kosa ni la nani. Nikasema ndiyo maana nimeyaandika mwenyewe. Yamewekwa ukurasa wa kumi na nne, chini ya matangazo ya mnada wa ng'ombe:

"Katika habari ya tamasha la Bungoma, mwandishi wetu aliripoti kwamba onyesho lilikatizwa. Halikukatizwa. Liliendelea hadi mwisho baada ya fundi baiskeli Simiyu wa Kitale kutoa waya wa breki yake utumike kama uzi wa gitaa. Mwandishi hakuwepo."

Sentensi ya mwisho mhariri alitaka kuifuta. Ilibaki.

Jumanne nilipeleka gazeti Kimilili. Mama yako alikuwa akianika maharagwe. Nilimsomea mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa anafukuza kuku. Mjomba Wekesa alikuwepo na ile fulana, sasa bila koti. Mama akauliza, "Kwa hivyo hakudanganya."

Nikamwambia hapana, Mama.

"Mimi nilijua," akasema. "Ni nyinyi mlikuwa mnangoja karatasi."

Aliichukua hiyo karatasi hata hivyo, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia. Mjomba alisema ataisoma mwenyewe mbele ya watu siku ya kukumbukwa kwako, na yule mshereheshaji ataalikwa makusudi aketi mbele.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Majibu ya swali lako: ndiyo, nimekipata. Kimechelewa.

Kuhusu baiskeli. Nilifikiria kuiacha ilivyo, lakini nitaiendesha, na mteremko wa Kapsokwony hauheshimu kumbukumbu za mtu. Ile nafasi ilikuwa inatunza ushahidi, na ushahidi sasa umechapishwa. Nimenunua waya mbili za breki ya nyuma. Mmoja nitaufunga Jumamosi. Wa pili utakaa kwenye mkoba wangu, pamoja na daftari na koleo lako, kila ninapokwenda tamasha. Na nitasimama mbele, mahali pako, na sitaondoka hadi jenereta izimwe, hata kama waziri atashuka kutoka mbinguni.

Lala, bakoki. Safari hii nipo.