Landrova Yako Imetoka Ziwani

Baba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ndivyo ulivyonilea, si kwa sababu hasira zimeisha. Nyingi nimemwekea mdogo wako Deusi, lakini fungu moja ni lako, na leo utalipokea.

Ulipokuwa umelala mgonjwa pale nyumbani Pasiansi, ulimshika Deusi mkono ukasema mbele yetu sote, "Gari ni lako. Utawaangalia hawa." Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pako na kikombe cha uji. Mimi, uliyenifundisha kuendesha huko mbele ya Kisesa nikiwa bado nakalia mto ili nione njia. Tulipobaki wawili nilikuuliza kwa nini. Ukajibu kwa ile sauti iliyokuwa imebaki, "Gari ni la mwanamume, mwanangu. Wewe utaolewa." Sikukusumbua tena. Haikupita wiki ukaenda zako.

Sasa sikiliza mwanamume wako alivyoliangalia.

Wewe unajua tulivyoiinua ile landrova. Serikali ilipowapunguza kazi ninyi mabwana mifugo, ofisi iliiuza mnadani kama chuma chakavu, nawe ukaileta nyumbani ikivutwa na trekta. Ulilala chini yake, mimi nakupa spana. Ukaongeza bamba kwenye springi, ukaweka matairi makubwa kidogo, kwa sababu masika udongo mweusi wa mbugani ulikuwa unaimeza hadi tumboni, na ng'ombe wa watu wanakufa wakisubiri sindano yako. Jirani akakutania kwamba umeanza kuringa. Ukamjibu ukiwa hukohuko chini, "Naiinua ipite, siiinui ionekane."

Deusi aliiinua ionekane. Tangu viwanda vya minofu vifunguliwe, mdogo wako amekuwa dalali wa sangara, na mji huu siku hizi kila mwenye mzani wa samaki anajiita mkurugenzi. Anavaa miwani ya jua hata sebuleni. Aliipeleka landrova kwa vijana fulani wenye mashine ya kuchomelea, akawaambia anataka kimo. Hakusema cha kupitia wapi. Wakachomelea vipande vya chuma juu ya ekseli, wakavika matairi ya lori, wakapanga taa juu ya paa kama ukumbi wa harusi. Nilimwambia, "Baba Mdogo, ukiinua gari kiasi hicho, mipira inayopitisha mafuta ya breki lazima irefushwe, la sivyo itavutika ikatike." Akaniangalia juu ya miwani. "Wewe kapike."

Basi, gari lako lililokuwa likivuka mito likawa linavuka barabara kwenda baa. Tope halikuliona. Deusi aliliegesha pale watu walipo wengi, akawa anateremka taratibu kama bibi harusi, na mafuta ya nywele yanamtiririka shingoni. Jumapili alipomchukua Mama kwenda kanisani, alimwekea kreti la bia la kupandia. Mjane wako, Baba, na kitenge chake cha msiba, juu ya kreti la bia, majirani wakitazama. Alipanda kimya. Tangu tukuzike alikuwa anafanya kila kitu kimya.

Ilipofika wakati wa kulijengea kaburi lako kule kijijini, Deusi akasema atatupeleka yeye. Tulipakia saruji, tukapanda feri kwenda Kamanga, Mama na mimi tumekaa nyuma. Feri ilipotia nanga, magari mengine yakatoka na kufuata barabara kama ilivyo. Lakini pale ufukweni kulikuwa na akina mama wanaouza samaki, na Deusi hawezi kuona macho ya watu akayaacha yapite bure. Akaiacha barabara, akalikamata lile tuta lenye mawe lililo pembeni, huku anapiga honi. "Shemeji, shika vizuri," akamwambia Mama, "uone gari linavyopanda."

Lilipanda kidogo. Gurudumu moja la mbele likatumbukia kwenye korongo, likaning'inia, nami nikasikia kitu kikikatika chini. Deusi akakanyaga breki, kanyagio likazama hadi sakafuni. Gari likaanza kurudi nyuma, kuelekea ziwani.

Unajua alifanya nini? Alifungua mlango akaruka. Alituacha mimi na mke wako ndani ya gari lisilo na dereva, akaangukia kwenye magamba ya samaki.

Niliruka kiti nikashika usukani. Breki ya mkono ilikuja mikononi mwangu kama fimbo, haikuwa imeunganishwa na kitu. Wale vijana wake waliifungua na hawakukumbuka kuirudisha. Nikasikia sauti yako, ile ya ukali: gia ndogo, Kabula, gia ndogo, achana na hayo mengine. Nikalazimisha gia ya kwanza, nikaachia klachi. Gari likatikisika kama linataka kupasuka, likaingia majini kwa makalio, likazimika. Maji yakapanda, yakafika sakafuni, yakasimama hapo.

Nilimgeukia Mama. Alikuwa amekumbatia mfuko wa saruji. Akachungulia maji, akasema polepole, "Kumbe kimo chake kimefaa kitu. Hata kitenge hakijalowa." Halafu akacheka, Baba. Alicheka hadi machozi, kisha yakawa machozi tu.

Wale wauza samaki waliingia majini na magauni yao wakatushusha, kisha wakaanza kusukuma pamoja na vijana wa feri. Deusi alisimama pakavu, anaelekeza kwa kidole: kata kulia, kata kushoto. Mama mmoja mnene akamwambia bila hata kumtazama, "Wewe uliyeruka, nyamaza."

Ningeweza kuishia hapo, aibu ikamtosha. Lakini mdogo wako hana mahali pa kuiweka aibu. Gari lilitoka, tukaliacha ufukweni kwa kuwa halina breki. Tulipofika kijijini kwa gari la kuomba, ndugu wote wamekaa kando ya kaburi lako, akasimama akasema, "Marehemu alituachia gari bovu. Breki zilikuwa zimeoza, alijua, akanyamaza. Nusura atuue." Wazee wakatikisa vichwa. Walianza kuamini.

Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mama akaniwekea mkono gotini, akasimama yeye. "Shemeji," akasema, "mume wangu amelala hapo. Mtazame, urudie ulichosema."

Hakurudia. Alitazama viatu vyake, akatazama ndugu, akatafuta miwani yake ambayo ilikuwa imebaki ziwani. Mama akanyoosha kiganja na kukiacha hewani. Watu wakangoja. Mwishowe Deusi akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo. "Mchukue chuma chenu," akasema.

Mama hakuuingiza mfukoni mwake hata kidogo. Alinipa mimi, mbele ya wale wazee waliokuwepo wakati unamkabidhi Deusi. Hakuna aliyepinga. Nguo zangu zilikuwa bado mbichi, lakini nilisimama wima ili wanione.

Vile vyuma vya Deusi nimevifungua vyote, na taa za paa nimezigawa. Gari limerudi kwenye kimo chako. Namwendesha daktari kijana wa mifugo, mwenye dawa asiye na usafiri, na wafugaji wakiniona nimeshika usukani wanauliza kama mimi ni mtoto wa bwana mifugo. Deusi huko mjini anasimulia jinsi alivyotuokoa Kamanga. Mwache asimulie. Nikikutana naye namwamkia, naye anaitikia akitazama ng'ambo ya barabara.

Na wewe, Baba, ulikosea. Nimekuja kukwambia kwa sababu ukiwa hai ulipenda kuambiwa ukweli ukiwa mezani, si nyuma ya mgongo. Ulimjua Deusi, ulinijua na mimi, ukachagua suruali. Inaniuma kuliko yale maji. Nakupenda, na inaniuma.

Pumzika sasa. Kaburi limekauka vizuri, halina ufa. Nakuahidi kwamba Mama hatapanda gari la mtu kwa kuomba, na jina lako hakuna atakayelisingizia nikiwa na pumzi. Kesho tunaingia vijiji vya ndani. Mvua imenyesha mfululizo, wanasema hakuna gari linalopita. Nimeshajaza mafuta.

Mwanao,
Kabula