Pinde za Baba Kwenye Mashine Yangu

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana habari niliyo nayo haisubiri.

Pinde zako zimeshinda! Nimeanzia hapo kwa sababu najua hukuwa na subira ya hadithi ndefu.

Kuna kocha mmoja hapa Mbwawa anafundisha vijana kulenga shabaha kwa pinde za kiwandani, na anazo chache. Nikamwambia kwamba marehemu baba yangu, kule Kisarawe, alichonga pinde za mti wa mkole maisha yake yote, na alinifundisha kabla sijakimbilia kuchomelea mageti. Akatabasamu lile tabasamu la kumwonea mtu huruma. "Dada, hizo za kienyeji ni pambo la ukutani."

Baba, nilichemka. Maneno hayohayo walikuwa wakikutupia sokoni, nawe ukiwajibu, "Bega langu ndiyo mizani." Lakini kocha ni mtu wa haki. Alisema nikimthibitishia kwamba pinde zako haziachwi nyuma na zake, vijana watapigia za kwetu.

Bega la marehemu sikuwa nalo, nikatengeneza mashine. Fremu ni mabomba ya mraba yaliyobaki kwenye geti la mteja. Nikaweka jiriwa ya kubana upinde, winchi ya mkono ya kuvuta ugwe, mizani ya kuning'iniza ya kupima nguvu ya mvuto, na komeo la geti la kuufyatua. Kila upinde unavutwa urefu uleule na kutupa mshale uleule. Majirani wa karakana yangu Kwa Mathias waliniuliza kama nachomelea kitanda cha hospitali.

Siku ya kwanza tulipeleka mashine kwenye shamba la mihogo, tukapima upinde wa kocha na kuweka alama pale mshale ulipoanguka. Kisha nikapandisha upinde wako mkubwa, ule tulioutundika sebuleni tangu tulipokuzika. Mizani ikapanda kivivu. Mshale ukaenda kidogo, ukaanguka. Kocha akaangalia viatu vyake. Niliumia, Baba. Niliona kama nimekuleta mbele za watu ili uaibike.

Jioni nikaufungua ugwe, nikaona mti umebaki umejikunja. Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukinifokea: "Fungua ugwe, mama! Upinde ukimaliza kazi nao ulale. Nani analala na mzigo kichwani?" Sisi kwa kukuheshimu tuliutundika ukiwa umekazwa, upendeze macho ya wageni, na miaka yote hiyo tukawa tunauchosha. Kosa lilikuwa langu. Wewe hukukosea.

Ijumaa baada ya swala nikaenda Kisarawe. Kwenye dari ya chumba chako nikakuta mwingine, umeviringishwa kwenye kanga kuukuu ya mama, umenyooka, ugwe umefungwa pembeni. Jumamosi nikaupandisha kwenye mashine, kocha akiwa amekunja mikono. Mizani ikasoma kilo zilezile za upinde wake. Komeo likalia, ta! Mshale ukapita alama ya kocha, ukaenda hatua saba mbele. Tukarudia mara tano, na mara zote tano ukapita. Nilipiga vigelegele peke yangu katikati ya shamba la mihogo, mwanamke mzima na ovaroli yangu.

"Huyu mzee alikuwa anapimia nini?" kocha akauliza.

"Bega."

Akavua kofia. Halafu akaniagiza pinde za vijana wake wote.

Kwa hiyo nimerudi kwenye mkole, Baba. Mikono imejaa malengelenge, wala sijali. Upinde wangu wa kwanza nimeupima jana, na umeupita wa kocha kwa hatua tatu. Wako bado unanizidi hatua nne. Mashine nimeiunga kwa mikono yangu mwenyewe, nayo imekupendelea wewe!

Nimecheka mpaka nikalia. Nina fahari nawe, na leo kwa mara ya kwanza nina fahari na mimi pia. Mungu akulaze pema. Hizo hatua nne nazifuata.

Binti yako,
fundi anayekufuatia