Nilifuta Njia ya Mzee Kimutai ya Kurudi Kwao

Mpendwa Mama Pascalia,

Naomba msaada wako, na ukiweza unijibu upesi, kwa sababu kuna mtu kitandani ambaye hawezi kungoja zamu ya barua. Jina langu usilitaje redioni. Mimi ni kibarua, nilisoma mpaka darasa la saba, nakaa Butali na nafanya kazi katika kiwanda kidogo cha sukari guru, ambako miwa inakamuliwa na maji yake yanachemshwa kwenye karai kubwa mpaka yagande. Kazi yangu ni kulisha moto makapi ya miwa. Huu ni mwaka wa tisa niko mbali na kwetu, na tangu Jumapili mbili zilizopita chakula hakishuki, nikikaa nasimama, nikisimama natembea mpaka barabarani na kurudi, wenzangu wananiuliza nimepoteza nini, nami nawajibu nimepoteza mwavuli.

Pale kiwandani tuko wageni kumi na saba, watu wa kila upande wa Kenya. Miaka minne iliyopita alifariki mwenzetu tuliyekuwa tukimwita Baba Panga, na tulipotafuta jina lake la kweli hatukulipata, hata kabila lake tulibishana, akazikwa na baraza la mji bila mtu mmoja wa kumlilia kwa lugha yake. Tuliporudi kutoka pale hakuna aliyekula. Ndipo tukaunda kikundi chetu cha wageni. Sisi hatuchangi pesa, tunachanga anwani: kila mtu anasema jina lake la kweli, lokesheni yake, chifu wake, duka lililo karibu na kwao, na mtu wa kuitwa siku akianguka. Mimi nikachaguliwa kuwa mwandishi kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

Tulianza na daftari, lakini mikono yetu ina sukari wakati wote, kurasa zikashikana, sisimizi wakahamia ndani na mende wakala pembe zote, ikafika mahali chifu wa mtu mmoja ameungana na duka la mwingine. Mwaka jana Mdachi mmoja wa kujitolea, aliyekuwa akifundisha chuo cha ufundi Kakamega mjini, akaniachia laptop yake kuukuu alipokuwa anarudi kwao, maana nilikuwa nikimlimia mboga kila Jumamosi na jioni ananifundisha kupiga chapa. Nikaingiza majina yote kumi na sita, kila mtu amesimama nyuma yangu akihakikisha. Siku nilipomaliza tulilitupa lile daftari kwenye tanuri, na aliyelirusha ni Mzee Kimutai, mkorogaji wetu wa karai, mtu mzima kuliko sisi sote, akasema, "Haya, sisimizi sasa wakale chuma." Tulicheka sana siku hiyo.

Laptop ile betri yake ilishakufa, haiwaki bila stima, kwa hiyo tunaiweka kwa kinyozi sokoni, aliye na stima. Siku moja mwezi wa tisa nyapara wetu, Makhanu, alikwenda kunyolewa, akaiona iko wazi, akaanza kusoma kwa sauti mbele ya watu. Mimi na Mzee Kimutai tulikuwa tunafika mlangoni. Makhanu akatusalimu kwa lugha ya hapa, "Mulembe wageni! Kumbe huyu mzee iko na msichana mwalimu wa nasari, anaitwa Jelagat, na yeye mwenyewe analalanga hapa juu ya gunia! Mwalimu anajua baba yake ananuka moshi?" Watu wakacheka. Mmoja aliyekuwa na povu nusu uso akauliza, "Ni wa wapi huyo?" na Makhanu akaendelea kusoma mpaka mwisho, chifu na duka na yote, akiyavuta majina ya kule kama mtu anayeonja dawa. Mzee alivaa kofia yake akatoka, na huko nje akaniambia, "Kijana, nilikupa jina langu uniwekee, sio unisomee sokoni. Ifunge hiyo kitu." Nikamwahidi kwa Mungu kwamba nitaifunga.

Sasa Mama, kuna kijana anaitwa Hezekiah, amepanga chumba Shirere na anasomea kompyuta mjini. Nilipomweleza akaniambia, "Hiyo Windows yako ni nyumba haina mlango. Yeyote akiiwasha ameingia. Weka Linux." Nikamuuliza hiyo ni nini, akasema ni mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, ni wa bure, wanafunzi wanapeana diski kwa diski, na ndani yake kila mtu ana jina lake na neno lake la siri, na hata mashine nzee inaukubali. "Nyapara wako ataangalia giza tu," akasema. Mvua hizi za El Nino zilikuwa zimesimamisha uvunaji, malori yamekwama, hakuna miwa ya kukamua, nami nikikaa bure mwili wangu unawashwa. Akanipa diski bapa za plastiki kumi na nne kwenye mfuko wa unga na karatasi ya maelezo. Akaniuliza, "Vitu vyako umevitolea nakala?" Nikasema ndiyo. Ulikuwa uongo. Diski moja tupu ingetosha, lakini nilikuwa na haraka, tena niliona haya kumwambia sijui nakala inatolewa vipi.

Nilifanya kazi hiyo Jumapili, kinyozi akiwa kanisani ameniachia ufunguo. Diski ya saba ilikataa kusomeka, nikapiga matope mpaka barabara ya lami nikapata gari la Shirere, Hezekiah akaniandikia nyingine, nikarudi nikaanza tena toka ya kwanza. Mashine ikaniuliza kwa Kiingereza kama nataka sehemu ile ifutwe. Hapo nilisita, lakini karatasi ilisema, ikiuliza, jibu ndiyo, na mimi niliwaza ni kama kubadilisha paa, mabati yanatoka lakini vitanda vinabaki chini. Nikabonyeza. Ilipomaliza ikawa skrini nyeusi yenye neno moja jeupe, inataka jina langu. Nikaliandika, nikaweka neno la siri, ikanifungulia, nikatafuta orodha mpaka jua likatua. Hakuna kitu. Imefungwa vizuri sana, Mama. Makhanu hawezi kusoma, wala mimi siwezi.

Sikumwambia mtu. Nilijipa moyo kwamba nitawauliza mmoja mmoja polepole, kama mzaha, niandike upya. Jumatano iliyopita Mzee Kimutai akaanguka kando ya karai, upande wa kulia wote umekufa, ulimi hausemi, mkono hauandiki. Tulimpeleka hospitali mjini. Wote wakanigeukia: "Mwandishi, fungua mashine." Siku ya kwanza nikasema stima imepotea. Siku ya pili nikasema imeingia maji. Juzi nikasema iko kwa fundi. Mvua imewafanya waniamini. Muuguzi ameniuliza mara mbili watu wake wako wapi na akasema tusichelewe. Yeye mzee anaamini nimeshatuma habari. Kila nikiingia wodini hanitazami mimi, anatazama mlango nyuma yangu, aone nimekuja na nani.

Ninachokumbuka ni huyo Jelagat na shule yake ya nasari, na kwamba barabara ya kwao inateremka mlima mkali mpaka bondeni. Machifu kumi na sita wamechanganyika kichwani. Hezekiah nimemwambia, amesema labda kuna maneno yamebaki ndani, atajaribu akimaliza mitihani. Nguo zangu nimeshazikunja kwenye begi. Mama, ningoje Hezekiah, niseme ukweli, au niondoke kabla hawajajua? Barua hii nimempa dereva wa lori akuletee mkononi.

Mwandishi asiye na majina,
Butali

MAMA PASCALIA ANAJIBU

Mwandishi wa Butali, lile begi lirudishe uvunguni. Nakujibu leo, barua nyingine zitaningoja.

Nianze na pole, kwa sababu unaistahili. Mzee wa watu alidhihakiwa sokoni, akakuomba umsitiri, ukaingia matopeni na mfuko wa diski ili utimize neno lako. Kuna watu wengi wenye shahada ambao wasingefanya hivyo. Pole imeishia hapo.

Kufuta si kosa lako kubwa. Mashine mpya kwako, Kiingereza cha kubahatisha, mtu huteleza. Lakini ulidanganya mara ya kwanza kwa Hezekiah kwa sababu ya haya, ukadanganya mara ya pili kwa stima, mara ya tatu kwa maji, mara ya nne kwa fundi, na kila uongo umemgharimu Mzee Kimutai siku nzima ya kutazama mlango. Unalinda nini? Cheo cha mwandishi? Mwandishi wa majina gani?

Kuhusu laptop, nimemuuliza fundi wa mitambo yetu hapa studio. Anasema uichomoe na usiiwashe tena hata kwa dakika moja, maana kila ukiichezea unaweza kuandika juu ya hayo machache yaliyobaki. Mpelekee Hezekiah hivyo ilivyo, na safari hii mwambie kweli, hukuwa na nakala. Huenda akaokota kitu, huenda asiokote. Mtu aliyepooza hatibiwi kwa neno huenda.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana jibu lako uliliandika mwenyewe ukalipita. Orodha ile haikusomwa na wewe peke yako. Yupo mtu aliyesoma habari za Mzee Kimutai kwa sauti, toka jina mpaka chifu mpaka duka, akayavuta yale majina mdomoni ili watu wacheke. Mtu akishafanya kitu dhihaka, hakisahau upesi. Nenda kwa Makhanu. Najua hutaki. Najua ungependa kumwona aking'olewa meno. Nenda hivyohivyo, asubuhi, na usiende kugombana. Mwambie, "Bwana Makhanu, nimepoteza majina, na wewe uliyasoma. Mzee anakufa bila watu wake. Unakumbuka nini?" Akikucheka, mwache acheke mpaka amalize, halafu umuulize tena. Kinyozi naye alikuwepo. Na yule wa povu nusu uso ndiye aliyeuliza mzee ni wa wapi. Huyo alikuwa anasikiliza jibu.

Majina utakayookota yapeleke wodini. Mzee amepoteza ulimi, hujaniambia amepoteza masikio. Shika mkono wake wa kushoto, ule mzima. Tafuta mtu anayejua lugha yake, huko Lugari jirani yenu hamkosi, aje akae naye na kumtajia mabonde, masoko na machifu, na mzee abane kidole akisikia la kwao. Lakini kabla ya kumtajia lolote, wewe mwenyewe mwambie ulichofanya. Ana haki ya kukasirika.

Jioni hiyohiyo waite wenzako mbele ya tanuri. Sema: nilifuta, nikawadanganya. Watakutukana, na wengine watataka cheo chako. Wape. Kisha nunua madaftari mawili, nawa mikono kwa maji ya moto na sabuni, muandike upya wote mkiwa hai na mkisema. Moja likae kwenu, la pili likae mahali ambako nyapara hafiki, kwa padri au kwa mama mmoja wa kanisa mnayemwamini. Kama Linux yako ni nzuri kama Hezekiah anavyosema, iwe daftari la tatu.

Jambo moja zaidi. Umesema mko wageni kumi na saba. Umesema uliingiza majina kumi na sita. Mimi pia najua kuhesabu. Na katika barua yote umetaja Butali, Shirere, mjini, hata bonde la Mzee Kimutai, lakini kwenu hukutaja hata mto. Sijui ulimkimbia nani miaka tisa iliyopita, na leo sikuulizi. Lakini wewe uliyeogopa kaburi la Baba Panga, umejiandalia lako. Kwenye daftari jipya, mstari wa kwanza ni wako. Ukishauandika ndipo utakapojua mzee alikukabidhi kitu gani, na kwa nini alikasirika kiliposomwa sokoni.

Uliniomba nisitaje jina lako, nami nimelificha. La Mzee Kimutai silifichi, kwa sababu amelala akingoja litajwe. Nimewaomba wenzangu wa matangazo ya lugha yake walisome pia, kesho asubuhi na jioni, na nitalitaja hapa tena hata wakubwa wangu wakinuna.

Kwa hiyo Jelagat, popote ulipo, wewe mwalimu wa nasari, ambaye barabara ya kwenu inateremka mlima mkali mpaka bondeni, na nyinyi nyote mnaomjua mwalimu wa jina hilo mwenye baba aliyekwenda kutafuta kazi kwenye miwa: baba yako yuko Kakamega mjini, hospitali, wodi ya wanaume. Hawezi kusema lakini yu hai. Ukifika mlangoni hutahitaji kumtafuta, kwa sababu macho yake yatakuwa hapo. Njoo.