Maua ya Chenge, Mawe Yangu

Jumanne, 4 Februari 2025
Kumechanua kwa jirani yangu Chenge! Ule mti wa kuchongea maboya ya nyavu, kichaka kizima, kimesimama majini mbele ya matete yake, maua ya manjano kama kiini cha yai. Na nani yuko pale anayatazama? Evelina! Miaka mitatu tangu afiwe na mumewe, chai ya saa kumi anakunywa kwangu. Leo kapita tu: "Baba Pius, naenda kuona maua." Maua! Na miaka yake sitini na mbili!
Chai imechemka mpaka ikakauka.
Mungu aligawa ufuko huu wa Luchelele vibaya. Chenge kapewa tope na maua. Mimi mawe. Mawe na pimbi.

Jumatano, 5 Februari
Nimemwambia Evelina mle kuna mamba. Kacheka mpaka kashika kiuno. Chenge akadakia, eti kwenye mizizi ile wanajificha sato wadogo, na juu ndege wanasuka viota. Anavyojisifu, ungedhani mayai kaatamia yeye. Huyu Chenge! Kisu cha kuchongea maboya nilimfundisha mimi kukishika.

Ijumaa, 7 Februari
Nimeiba.
Alfajiri, Chenge bado anakoroma – namsikia hadi huku. Nimeng'oa mche mmoja wenye maua matatu. Miiba imenichana mikono yote. Lakini mwepesi, jamani! Kama kubeba kikapu kitupu. Nimeupanda mlangoni kati ya mawe mawili, nikaushindilia samadi ya mbuzi. Nimevaa shati la kwaya. Sasa aje!

Jumapili, 9 Februari
Hajaja. Kanisani Chenge kaimba besi macho yote kwa Evelina. Mche unadondosha majani.

Jumatatu, 10 Februari
Maua yote matatu chini. Nimebeba ndoo nane kutoka ziwani, mgongo unalia, maji yanapita kwenye mawe kama sikuyamwaga. Miaka thelathini nimechonga maboya ya mti huu. Mkavu. Mfu. Ukiwa hai sikuwahi kuuliza unakula nini. Shule niliishia la nne, sawa, lakini hili hata mbuzi wangu analiona: mti unakaa MAJINI, mzee!

Jumanne, 11 Februari
Amekuja! Saa kumi kamili. Hakukaa.
Kautazama mche, kanitazama mimi. "Baba Pius, huu umeutoa wapi?"
Nikasema umejiotea.
"Na samadi nayo imejiotea?"
Akasema nisipourudisha leo hii, chai yangu niwe nakunywa na pimbi. Kisha akamwita Chenge. Kwa sauti! Ziwa zima limesikia.
Chenge hakukasirika. Afadhali angenitukana! Kavua shati – naye siku hizi analivaa la kwaya katikati ya wiki, nimeona – kaingia majini, kachimba tope kwa mikono. "Lete mgonjwa wako, kaka." Mgonjwa! Nikavua langu, nikaingia hadi kiunoni, meno yanagongana. Evelina kapanda juu ya jiwe, katushikia mashati yote mawili. Tumeupanda. Umebaki na majani manne.
Nimerudi kubadili suruali. Shati nimemwachia. Makusudi.
Naandika nimekaa mlangoni, nawaona. Chenge bado yumo majini anaukandamizia tope, mnafiki mkubwa. Upepo wa ziwa umeanza, na Evelina kajitanda shati moja mabegani. Jingine kalikunja, kaliweka pajani.
La nani lile la mabegani? Yote meupe, kitambaa kimoja, fundi mmoja, Tayabali wa Mirongo! La Chenge lina kiraka mgongoni, tofauti ni hiyo tu.
Na mwanamke huyu kaketi ameelekea huku kwangu. Namngoja ageuke kidogo tu. Hageuki! Ananitazama tu, robo saa nzima. Sasa huo mgongo nitauonaje –